Lugha haifungi akili, ila huweza kuielemea

Mwaka 1969 mwanateolojia mzaliwa wa Kitui, John Mbiti, alichapisha kitabu kilichokuja kusomwa katika vyuo vingi barani, African Religions and Philosophy. Humo alitoa dai ambalo mpaka leo halijachuja: kwamba katika fikra za jadi za Mwafrika wakati una pande mbili tu, uliopita na uliopo, na kwamba wakati ujao wa mbali ni kama haupo. Pande hizo alizipa majina ya Kiswahili, Zamani na Sasa. Sehemu kubwa ya ushahidi wake ilikuwa sarufi. Alizipanga njeo za vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu, akaona zile za wakati ujao zinafika miezi sita hivi, au miaka miwili zikivutwa sana, na hapo zinakoma.

Wengi hawajakisoma kitabu hicho, lakini hoja yake wanayo mdomoni. Utaisikia kwenye daladala, kwenye harusi, hata bungeni: Mwafrika haijui kesho, ndiyo maana haweki akiba. Hoja hiyo ina ndugu zake wawili. Wa kwanza ni yule asemaye kuwa Kiswahili hakina maneno ya kutosha, hivyo mtu hawezi kufikiri kisayansi kwa Kiswahili. Wa pili ni mzazi anayemsikia mtoto wa jirani akitiririka Kiingereza, akasema, "Yule mtoto ana akili." Wote watatu wanaamini jambo moja, kwamba akili ya mtu inaishia pale lugha yake inapoishia.

Wanasaikolojia wa utambuzi, yaani wanaochunguza namna akili inavyopokea, inavyohifadhi na inavyotumia habari, wameipima imani hiyo kwa miongo mingi. Walichokikuta hakiwapi raha wanaoidharau lugha yetu, wala hakiwapi raha wanaodhani lugha ya darasani ni jambo dogo. Lugha haimfungii mtu mlango wa fikra yoyote. Lakini yapo mawazo inayoyafanya mepesi na yapo inayoyafanya mazito. Sisi tumeng'ang'ana kubishania kifungo ambacho hakipo, huku uzito uliopo ukiwaangukia watoto wetu kila siku ya shule.

Tuanze na kifungo. Mbiti hakuwa wa kwanza. Benjamin Lee Whorf, Mmarekani aliyekuwa mkaguzi wa majanga ya moto katika kampuni ya bima mjini Hartford na aliyesomea isimu kwa Edward Sapir pale Yale, alidai miaka ya 1930 kwamba lugha ya Wahopi wa Arizona haina maneno wala miundo ya kuutaja wakati kama tuujuavyo. Dai hilo lilienea duniani hata baada ya kifo chake mwaka 1941. Mwaka 1983 mwanaisimu Ekkehart Malotki, aliyeishi na kufanya kazi na Wahopi wenyewe, akatoa kitabu cha zaidi ya kurasa 600 kilichojaa njeo, vielezi, majira na kalenda za Kihopi. Wakati ulikuwemo tele. Kilichokosekana ni mtu wa kuwauliza wenye lugha.

Kisha tazama namna hoja hii inavyojipiga yenyewe. Mwaka 2013 mwanauchumi Keith Chen alichapisha utafiti uliovuma sana. Alisema watu ambao lugha zao huulazimisha wakati ujao uwe na alama yake katika kitenzi huweka akiba kidogo na huvuta sigara zaidi, kwa sababu sarufi imewatenga na kesho yao. Wale ambao lugha zao huruhusu kusema ya kesho kwa njeo ya leo, kama Wajerumani na Wachina, huweka akiba zaidi. Sasa tushike lipi? Kwa Mbiti, lugha isiyo na njeo ya wakati ujao wa mbali inamnyima mtu kesho. Kwa Chen, lugha yenye njeo ya wakati ujao ndiyo inayomnyima. Hoja inayoweza kumtia mtu hatiani akiwa na kitu na akiwa hana ni ya kutiliwa shaka. Na kweli, mwaka 2015 Chen mwenyewe, pamoja na Sean Roberts na James Winters, walirudia hesabu wakizingatia kwamba lugha nyingi ni za ukoo mmoja na wasemaji wake hurithishana mila pamoja na sarufi. Uhusiano ule ukadhoofika.

Hatuhitaji kompyuta kuyaona hayo. Mnazi wa kienyeji huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa, na wazee wa Pwani wameupanda kwa karne nyingi. Mombasa, Lamu na Unguja kuna nyumba na mashamba yaliyowekwa wakfu na watu waliokwisha kufa zamani, ili mapato yake yahudumie msikiti au vizazi ambavyo wao wasingeviona. Mtu asiye na fikra ya wakati ujao wa mbali haandiki wakfu. Kiswahili kina -ta- moja tu, ile ile ya "atakuja jioni" na "atakuja baada ya miaka hamsini", na -ta- hiyo haijamzuia yeyote kuandika wasia. Kama watu wetu hawaweki akiba benki, tuangalie kipato chao, tozo za benki na umbali wa tawi kabla ya kuisingizia sarufi.

Ushahidi mzito zaidi umetoka hospitalini. Wapo watu ambao kiharusi au maradhi mengine yamewaharibia sehemu za ubongo zinazoshughulikia lugha, hali iitwayo afasia. Mwaka 2005 Rosemary Varley na wenzake wa Uingereza waliandika habari za wanaume watatu wa namna hiyo. Sarufi ilikuwa imewapotea kiasi kwamba sentensi ya mtu kumuua simba na ile ya simba kumuua mtu kwao zilikuwa sawa. Lakini ukiwaandikia 59 toa 13, kisha 13 toa 59, walijua fika kwamba hizo ni hesabu mbili tofauti, wakazifanya. Hata zenye mabano waliziweza. Evelina Fedorenko wa chuo cha MIT na wenzake wamekusanya ushahidi wa aina hii pamoja na wa picha za ubongo, na mwaka 2024 walitoa hoja katika jarida la Nature kwamba lugha ni chombo cha kuwasiliana kuliko kuwa chombo cha kufikiria. Wapo wanaowapinga, lakini kwamba fikra na lugha ni kitu kimoja, hilo sasa ni gumu kulitetea.

Basi je, lugha haina kazi yoyote kichwani? Inayo, na hapa ndipo penye funzo.

Mwaka 2007 Jonathan Winawer na wenzake waliwaketisha wasemaji wa Kirusi mbele ya kioo cha kompyuta. Kirusi hakina neno moja la msingi la buluu. Buluu iliyokolea ina jina lake, iliyopauka ina lake. Kwenye kioo kulikuwa na miraba mitatu ya buluu, mmoja juu na miwili chini, na kazi ilikuwa kuonyesha upi wa chini unafanana na wa juu. Warusi walijibu haraka zaidi pale miraba ya chini ilipoangukia kwenye majina mawili tofauti. Wasemaji wa Kiingereza hawakuonyesha tofauti hiyo. Kisha watafiti wakaongeza jambo dogo: wakati unatazama rangi, shikilia kichwani mfuatano wa tarakimu nane. Wepesi wa Warusi ukatoweka. Macho yalikuwa yale yale na rangi zile zile. Kumbe lugha ilikuwa ikisaidia papo hapo, kimyakimya, na ilipopewa kazi nyingine msaada ukakatika.

Jaribio la pili lilifanyika katika msitu wa Amazon nchini Brazili, kwa Wapirahã, jamii ndogo ambayo lugha yao haina maneno ya idadi kamili, hata la moja. Michael Frank na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2008, walipanga vibiringo vya uzi mezani, wakamwomba mtu apange maputo yenye idadi sawa na vibiringo hivyo. Vitu vyote vikiwa vinaonekana, Mpirahã alipanga kimoja kwa kimoja karibu bila kukosea, hata vilipofika kumi. Lakini mtafiti alipovitumbukiza vibiringo koponi kimoja baada ya kingine, ndani hakuonekani, majibu yakawa ya kukadiria. Kwa hiyo dhana ya usawa wa idadi wanayo. Wasichokuwa nacho ni maneno ya kuishikia idadi hiyo mpaka dakika ijayo.

Kabla mtu hajawacheka, asikie yaliyofuata. Mwaka 2012 watafiti hao walifanya jaribio kama hilo kwa Wamarekani wenye namba zote, ila wakawalazimisha kurudia kwa sauti maneno waliyokuwa wakiyasikia masikioni, bila kupumzika. Ulimi na sikio vilipokuwa kazini, hesabu ya kopo ikawatoka. Nao wakawa wanakadiria.

Unganisha majaribio hayo matatu, utaona jambo moja. Akili hutumia maneno kushikia mambo inapoyafanyia kazi, na nafasi ya kushikia ni finyu mno. George Miller aliandika mwaka 1956 kwamba mtu hushika vitu saba hivi kwa wakati mmoja. Nelson Cowan, mwaka 2001, alipunguza mpaka karibu vinne. Kumbukumbu hii ya muda mfupi ndiyo inayobeba swali wakati unatafuta jibu lake. Ni kama kuli wa bandarini: ukimtwika gunia moja kabla hajafika ghalani, usimshangae akishindwa la pili. Mwanasaikolojia John Sweller, tangu mwaka 1988, amejenga nadharia nzima juu ya jambo hili, kwamba funzo hushindikana pale mzigo wa kulielewa swali unapokula nafasi ya kulifikiria.

Sasa tuingie darasani. Chukua hesabu hii. Mama mmoja amenunua sato 18 pale Kirumba, Mwanza, kwa shilingi 5,000 kila mmoja. Theluthi mbili ameuza kwa 7,500 kila mmoja, waliobaki kwa 6,000. Amepata faida gani? Mtoto wa Mwanza akiulizwa kwa Kiswahili atakwenda hivi: theluthi mbili ya 18 ni 12, kumi na wawili kwa 7,500 ni 90,000. Hapo, kama amewahi kukaa gengeni na mama yake, atasimama na kusema, "Mtaji umerudi." Maana 18 kwa 5,000 ni 90,000 vilevile. Basi sato sita waliobaki wote ni faida, 36,000. Hakuhitaji kanuni ya ubaoni. Neno "mtaji" limemkatia njia.

Mpe mtoto huyo huyo swali hilo kwa Kiingereza, miezi michache baada ya kumaliza darasa la saba na kuingia sekondari, ambako hufundishwa kwa lugha hiyo. Atalisoma mara mbili. Atakwama kwenye neno la kusema "waliobaki", atajaribu kukumbuka kama neno la "faida" ndilo lile au ni lile jingine linalofanana nalo. Akifika mwisho wa sentensi, ile 18 ya mwanzo imeshamtoka. Atashika namba zozote anazoziona, atazidisha mbili, atajumlisha moja, atakabidhi karatasi. Mwalimu ataandika sifuri, na mwisho wa muhula ripoti itasema mtoto ni dhaifu katika hisabati. Hisabati haikupimwa hapo. Kilichopimwa ni gunia la kwanza.

Kosa la kumpima mtu kwa chombo kisichomfaa lina historia yake. Miaka ya 1960 na 1970 Michael Cole, Joseph Glick na wenzao walifanya utafiti kwa Wakpelle wa Liberia. Waliwapa wakulima vyakula, zana, vyombo na nguo, wakawaomba wavipange vinavyokwenda pamoja. Wakulima waliweka kisu na chungwa, kwa sababu kisu hukata chungwa. Kwa vipimo vya Magharibi hilo lilionekana kuwa fikra ya chini, kwani mtu "mwenye akili" angeweka vyakula na vyakula, zana na zana. Mpaka mtafiti alipochoka na kuuliza: je, mjinga angepangaje? Mara moja wakapanga vyakula upande mmoja, zana upande mwingine. Uwezo walikuwa nao tangu mwanzo. Swali ndilo lilikuwa geni.

Na kuna kisa kingine kinachotuhusu moja kwa moja. Katika maabara za Marekani, Kiswahili ni moja ya lugha zinazopendwa kwa majaribio ya kumbukumbu, kwa sababu wanafunzi wa kule hawakijui. Mwaka 2008 Jeffrey Karpicke na Henry Roediger waliwapa wanafunzi wa chuo mjini St. Louis jozi 40 za maneno ya Kiswahili na Kiingereza. Wote walijifunza mpaka wakayaweza. Wengine waliendelea kujipima kila neno, tena na tena. Wengine, neno likishashikwa, waliacha kujipima, na baadhi yao wakabaki kulisoma tu. Baada ya wiki moja, waliojipima walikumbuka asilimia 80 hivi. Walioacha kujipima walikumbuka kama theluthi tu, hata wale walioendelea kusoma. Kukumbuka kwa kujivuta mwenyewe ndiko kunakojenga kumbukumbu, kuliko kusoma na kurudia kusoma.

Kila mwalimu na alifanyie kazi funzo hilo. Lakini angalia pia mpangilio wa jaribio lenyewe: kila neno geni lilifungwa kwenye neno ambalo mwanafunzi alikwisha kulijua. Sisi tunampa mwanafunzi wa kidato cha kwanza ufafanuzi wa usanisinuru kwa Kiingereza, wenye maneno mengine ya Kiingereza asiyoyajua, kisha tunamwambia aukariri. Geni limefungwa kwenye geni. Atautapika siku ya mtihani, na akiulizwa nyumbani kwa nini mche uliofunikwa na ndoo umefifia, hatajua kwamba lile alilolikariri ndilo jibu.

Haya hayakuanza kusemwa jana. Tume ya Rais ya Elimu ya mwaka 1982, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia kidato cha kwanza mwaka 1985. Haikuwa hivyo. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd, wataalamu kutoka Uingereza, walikagua shule za Tanzania wakakuta wanafunzi wengi hawana Kiingereza cha kuwawezesha kusomea masomo mengine, na bado wakashauri Kiingereza kiendelee. Kisingizio cha maneno nacho kimepitwa na wakati: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990. Msamiati upo. Na pale unapopungua hutungwa, kama Waingereza walivyojitungia wao kwa kukopa Kigiriki na Kilatini.

Mzazi atasema: mwanangu bila Kiingereza atapata wapi kazi? Ni swali la haki, na sitalidharau, kwa sababu anayeliuliza ndiye anayelipa ada. Kiingereza kifundishwe, tena kifundishwe vizuri kuliko sasa, na walimu wanaokijua, kama somo lenye vitabu na saa zake. Akili haipungukiwi na lugha mbili. Lakini kumfundisha mtoto Kiingereza ni jambo moja, na kumfundisha fizikia kwa Kiingereza asichokijua ni jambo jingine, na mara nyingi la pili humkosesha yote mawili.

Hatuhitaji kungoja sera mpya ili tuanze. Mwalimu anaweza kesho kuwaacha wanafunzi wajadili swali kwa Kiswahili, au kwa lugha yoyote wanayoimudu, kisha ndipo waandike jibu kwa Kiingereza. Baraza la Mitihani linaweza kujaribu karatasi moja tu ya hisabati au biolojia yenye maswali katika lugha zote mbili, likalinganisha alama, na matokeo yakawekwa hadharani ili tuache kubishana kwa hisia. Wizara inaweza kuipeleka kamusi ile ya 1990, ikiwa imehuishwa, katika kila maktaba ya sekondari. Jirani zetu Kenya, ambako sera inasema watoto wa madarasa ya mwanzo wafundishwe kwa lugha ya eneo lakini wazazi na shule nyingi hukimbilia Kiingereza mapema, nao wana la kujiuliza.

Na wewe mzazi, mtoto akirudi na sifuri ya hisabati, usimwite mjinga. Chukua swali lile lile, mwulize kwa Kiswahili, kisha msikilize.